Matanga ya Kimulimuli

Ubao ulikuwa na urefu wa futi sita. Anwari Selemani aliupaka rangi nyeusi, akausubiri ukauke, kisha akauandika kwa rangi nyeupe kwa saa nne, hakunyanyuka ila kwa swala ya adhuhuri. Hajawahi kuandika bango zuri kuliko lile. Wateja wakimuuliza kazi yake bora ni ipi, huwaonyesha lori lolote lililo karibu. Jibu la kweli analo, lakini hawezi kulitoa.

Anwari ana miaka arobaini na miwili. Kibanda chake kipo Iyunga, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, baina ya mafundi wa matairi na wauza vipuri. Kazi yake ni kuandika mabango, na malori mengi yanayovuka mpaka kwenda Zambia yamebeba mwandiko wake: majina ya matajiri ubavuni, na nyuma maneno ya kumkera dereva anayefuata. Kusoma na kuandika alifundishwa shuleni, lakini mwandiko mzuri alifundishwa na Kimulimuli.

Kimulimuli ni shujaa wa kwenye vijitabu vya katuni. Mchana ni fundi viatu, ana kiti cha ubao na kopo la gundi pembeni ya stesheni. Ukitokea ubaya viganja vyake huwaka, na mtu aliyemulikwa na mwanga ule hawezi kusema uongo. Kila kijitabu kina kurasa kumi na sita za karatasi ya gazeti zilizobanwa kwa pini mbili, na hutoka mara mbili kwa mwaka, mwaka mwingine mara tatu. Kilianza kutoka mwaka 1994. Mwandishi na mchoraji ni mtu mmoja, Mwalimu Edmund wa Kihesa, Iringa, aliyefundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Hata herufi anaziandika kwa mkono. Anwari alikuwa na miaka kumi na miwili alipozikuta, akazinakili kwa mkaa ukutani kwa baba yake mpaka akachapwa. Aliendelea hivyo hivyo.

Wasomaji wa Kimulimuli wa Mbeya hukutana kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya shule la Nasrin, binti wa baba mdogo wa Anwari. Nasrin ndiye wakala. Vitabu humfikia kwa basi kutoka Iringa, vikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Benchi lile wanaliita Baraza, na kuna kundi la WhatsApp la jina hilo hilo lenye watu mia mbili na kitu, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga. Hukumu hutolewa benchini, na hakimu kwa miaka mingi alikuwa Anwari. Aliyajua matoleo yote kwa namba na kurasa. Shujaa yule alikuwa na masharti matatu: hampigi mtu aliyelala chini, haingii nyumba bila hodi, na akiitwa hakai. Likitoka toleo jipya, Anwari alilipima kwa masharti hayo jinsi fundi nguo anavyopima mabega.

Toleo la sitini na moja lilifika Juni ya mwaka juzi, wakati wa baridi. Siku ile Baraza lilikuwa na watu kama kumi, wamejifunga mashuka na majaketi.

"Haya, nielezeni," Anwari alisema, akiugonga ukurasa wa kumi na mbili kwa kidole chenye rangi. "Daraja limekatika. Treni inakuja na watu ndani. Wanamwita kwa jina. Yeye yuko wapi?"

"Jikoni," alisema Nasrin.

"Anafanya nini?"

"Anakoroga uji."

"Anakoroga uji! Kurasa nne, mtu mzima anakoroga uji! Treni inatumbukia mtoni, yeye anaonja kama sukari imekolea."

Watu wakacheka. Ila Andendekisye, fundi matairi ambaye wenzake humwita Ande, hakucheka. Aliwahi kuwa kibarua wa reli, na kwa hiyo alijiona ana haki ya pekee katika mambo ya treni.

"Shujaa naye ana nyumba, fundi," alisema. "Tazama ukurasa wa kumi na tatu. Kuna kitanda. Kuna miguu chini ya blanketi. Yule anaumwa."

"Nani? Mbona mwandishi hajasema?"

"Kwani lazima aseme? Unataka akuandikie bango?"

"Ande, sharti la tatu linasemaje? Toleo la tisa, ukurasa wa pili: 'Nikiitwa sikai.' Si maneno yake mwenyewe?"

"Na toleo la thelathini na nne alilala kutwa nzima watu wakimwita."

"Alikuwa na malaria!"

"Aa, kumbe!" Ande aliwageukia wenzake. "Akiumwa yeye, ruksa. Akiumwa mtu wake, asimame akapigane na daraja. Fundi, siku mama watoto akilala kitandani hoi, tutakukuta barabarani na brashi?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha watu wote, na kilimwangukia Anwari. Mtu mmoja akampigia Ande makofi. Nasrin akasema, "Leo hakimu kafungwa," na baraza likavunjika kwa furaha.

Anwari hakuwa amezoea kushindwa kwenye lile benchi. Alirudi kibandani akiwa na kijitabu kwapani, akakisoma tena, akaona yuko sahihi zaidi kuliko mwanzo. Karibu miaka thelathini anamfuata mtu yule. Amemtetea kwa waliosema katuni ni za watoto. Mwandishi ana haki gani kumchukua mtu wa watu akamfungia jikoni? Kesho yake asubuhi alitoa ule ubao.

Aliandika hivi, kwa herufi zile zile za kwenye vijitabu, ile M yenye mguu mrefu na R iliyoinama:

TANGAZO LA MSIBA. Tunasikitika kutangaza kifo cha shujaa wetu Kimulimuli, kilichotokea ghafla jikoni, toleo la 61, ukurasa wa 12, sufuria ya uji ikiwa mkononi. Habari ziwafikie wasomaji wote popote walipo, Tunduma, Vwawa, Makambako na Mafinga. Mfiwa ni Mwalimu Edmund wa Kihesa, Iringa. Matanga yapo nyumbani kwake.

Nasrin alikuja kuuona rangi ikiwa bado mbichi. Aliusoma mpaka mwisho, akajifunga mtandio upya.

"Kaka Anwari, msiba hauchezewi."

"Nani kafa hapa? Mtu wa karatasi."

"Wa karatasi ni huyo wa juu. Wa chini ana mwili. Umemwandika na mtaa wake."

"Ndiyo asome. Tumpate vipi?"

"Simu yake ninayo, si ungempigia? Mzaha mzaha hutumbua usaha."

"Wewe ni wakala, unamwogopa," Anwari alisema, na akauegemeza ubao barabarani, uso kwa magari.

Ulipata sifa. Watu walitandika jamvi chini, wakaketi kama wafiwa, wakaletewa chai ya rangi. Hata Ande alikuja, akashika tama na kujifanya analia, kwa kuwa utani ukinoga hakuna anayetaka kubaki nje. Picha zilipigwa nyingi. Moja ilipigwa na mtu aliyekuwa kwenye dirisha la lori lililokuwa linaondoka, na ikachukua nusu ya chini tu. Ndani yake hamkuwa na Kimulimuli, wala toleo, wala uji. Ilianza na "Habari ziwafikie" na kuishia na "Matanga yapo nyumbani kwake."

Anwari aliiona picha ile kwenye simu jioni hiyo. Aliona imekatwa vibaya, akahuzunika kwamba kazi yake haionekani yote. Hakuwaza jingine.

Miezi ikapita. Toleo la sitini na mbili lilitarajiwa Septemba, halikuja. Baraza likaanza kusema Mwalimu ameona haya, anatafuta namna ya kumtoa mtu wake jikoni. Anwari alikubali kimoyomoyo kwamba ubao wake umefanya kazi. Mwishoni mwa Oktoba Nasrin akaamua kupiga simu. Anwari alikuwa dukani anachagua brashi, Nasrin akaiweka simu kwenye spika ili wasikie wote.

Iliyopokea ilikuwa sauti ya mwanamke. Alijitambulisha kuwa ni Verediana, binti wa Mwalimu.

"Baba yupo shambani. Vitabu havipo, dada. Mama alifariki tarehe nne Septemba."

Nasrin alitoa pole, akauliza ilikuwaje, kama inavyoulizwa.

"Aliumwa muda mrefu, mwaka mzima na zaidi. Lakini ninyi wa Mbeya si mlishatangaza toka Juni?"

"Tumetangaza nini, mdogo wangu?"

"Si lile bango? Picha ilifika huku, imeandikwa Mwalimu Edmund kafiwa, matanga nyumbani. Na watu wote walijua mama yuko kitandani. Unafikiri wangemdhania nani? Asubuhi nafungua mlango, akina mama wa jumuiya wamejaa uani, wana unga, wana kuni, wameshaanza kulia. Na yeye yumo ndani anawasikia."

Anwari aliirudisha brashi mahali pake.

"Akaniuliza, 'Veredi, nani kafa?' Nimjibu nini? Akasema nimwinue, niwaingize. Akawasalimia kamwene mmoja mmoja kwa majina. Akawaambia, 'Mmewahi kidogo, jamani.' Wakacheka, mpaka aliyekuwa analia akacheka. Unga waliuacha, wakaona aibu kuubeba tena. Walipoondoka akageukia ukutani. Toka siku ile hakuuliza tena siku ya kliniki ni lini. Kabla ya hapo alikuwa anauliza kila asubuhi."

Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka tu kujua: "Mnamfahamu aliyeandika?"

Nasrin alimtazama Anwari. Anwari akatikisa kichwa: usiseme.

"Tutauliza, mdogo wangu," alisema Nasrin, na hakuongea na binamu yake kwa siku tatu.

Ubao ulikuwa bado nyuma ya kibanda. Anwari aliukwangua kwa msasa siku hiyo hiyo mpaka vidole vikachubuka. Ile haikuwa toba, na yeye alijua. Alichokuwa anakitafuta ni kitu kimoja: yule mzee amwambie kwa mdomo wake kwamba yamekwisha, na Kimulimuli arudi. Aliyaona mambo hayo mawili kama moja. Akisamehewa ule ubao, vitabu vitakuja tena kwenye mfuko wa nailoni, na atakayekuja kuvisoma hatajua kwamba viliwahi kukatika.

Wiki ya pili ya Novemba alipanda basi la asubuhi akiwa na kilo tano za mchele wa Kyela. Njia nzima alipanga maneno. Alipofika Makambako alikuwa na hotuba, Mafinga akaifuta, na Iringa mjini alishuka akiwa hana kitu.

Nyumba ya Mwalimu pale Kihesa ilijulikana na kila aliyeulizwa. Verediana alimkaribisha, akaupokea mfuko wa mchele. Aliutazama muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotazama zawadi.

"Baba yuko nyuma. Mvua imeanza, anapanda."

Mwalimu Edmund alikuwa amevaa koti la suti kuukuu na viatu vya mpira, jembe mkononi, mahindi ya mbegu mfukoni. Alikuwa mfupi kuliko Anwari alivyomdhania.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu." Viganja vyake vilikuwa na udongo, akatoa kifundo cha mkono, Anwari akakishika. "Umetoka wapi?"

"Mbeya, Mwalimu. Iyunga. Naitwa Anwari. Naandika mabango."

Mzee akaliegemea jembe. "Ahaa," alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Nilikuwa nakufahamu. Uso sikuujua, lakini mkono niliujua. Ile M ni yangu. Nilipoonyeshwa picha nilidhani nimeandika mwenyewe nikasahau. Siku zile nilikuwa silali, ningeweza kuandika chochote. Nilikaa kutwa nzima najiuliza, hivi Edmund, umemtangazia mkeo msiba?"

Anwari alipiga goti pale pale kwenye tuta. Mwalimu akamwambia asimame, anakanyaga mbegu.

Walikaa kwenye gogo pembeni ya shamba. Anwari alisema aliyoyajia, vipande vipande. Kwamba hakujua. Kwamba alikuwa anamsema mtu wa kitabuni. Kwamba ameisoma kazi ile tangu toleo la kwanza, na mkono anaoulia ugali ameupata humo. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza, jinsi mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayesoma insha.

"Turudi kwenye lile toleo," alisema baadaye. "Lilikuwa baya?"

"Sikulielewa, Mwalimu."

"Sijauliza hivyo. Umekuwa mkosoaji miaka mingi, usiache kazi leo. Kasoro yake ilikuwa ipi?"

Anwari alitazama chini. "Hukutuonyesha aliyekuwa kitandani."

"Kweli. Ile ni kasoro. Nilimchora kwanza akaonekana mwili wote, uso na mikono. Mke wangu Eveline akaniambia nifute, nibakize miguu. Hakutaka watu wa Mbeya wamwone alivyokonda." Alitoa punje ya mahindi mfukoni, akaigeuza. "Alikuwa msomaji wangu wa kwanza. Kila ukurasa ulipita kwake kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Masharti matatu unayoyajua wewe aliyatunga yeye. Mimi nilitaka mtu anayepiga sana."

"Mwalimu, nisamehe."

"Nilishasamehe. Aliniamuru siku ile ile, wale akina mama hawajafika hata barabarani. Akasema aliyeandika vile alikuwa anacheza, na mtu huchezea anachokipenda. Kwa hiyo hilo limekwisha. Usirudi nalo Mbeya."

Anwari alingoja nafuu ije, haikuja. Akauliza lile jingine. "Na toleo la sitini na mbili?"

"Lipo nusu. Kurasa nane."

"Wapo wanaolingoja, Mwalimu. Hata lisipokuwa zuri. Sitasema neno. Wala Ande hatasema, wala yeyote."

"Mkiacha kusema mtakuwa wasomaji gani?" Mzee alitabasamu kidogo, na lile tabasamu likaisha. "Nilikaa mezani mara mbili. Nikimaliza ukurasa nageuka nimwonyeshe. Siwezi kuandika na kugeuka kila mara, shingo itavunjika."

"Tupo sisi. Tuonyeshe sisi."

"Ninyi mlimzika, fundi. Mkakalia jamvi na chai mkanywa. Watu wakishazika hawafukui." Alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja majira ya kupanda. Kisha akainuka, akashika jembe. "Twende ukale. Verediana ameshapika, na hapa mgeni haondoki na njaa. Mchele wako tutaula Jumapili."

Anwari alikula. Mwalimu alimuuliza habari za barabara ya Tunduma, bei ya mbolea Mbeya, kama kweli rangi za siku hizi hazidumu juani. Kimulimuli hakutajwa tena. Alipoaga, mzee alimsindikiza mpaka kona ya njia, akamtakia safari njema, akarudi kwenye matuta yake kabla mvua haijaanza tena.

Kesho yake Baraza lilijaa mapema kuliko kawaida, kwa maana Nasrin alikuwa amesema safari ilikuwa ya wapi. Benchi halikutosha, wengine walikalia ndoo na matairi. Kabla Anwari hajasema lolote, mabishano yalikuwa yameanza. Mmoja alitaka Kimulimuli atoke jikoni kwa mlango wa nyuma. Mwingine alisema treni ile iwe ndoto. Wa tatu alisema Mwalimu amechoka, ampe mwandishi kijana wa mjini amwongezee mabawa, na hapo wote wakamzomea.

"Hakimu, toa hukumu," mtu mmoja alimwambia Anwari.

"Hakuna toleo jingine," alisema Anwari. "Mwalimu amemaliza."

Ande alimsogelea, akaketi karibu naye, mikono yake ikinuka mpira wa tairi. Aliongea kwa sauti ya chini, ya watu wawili.

"Amekukasirikia sana?"

"Hapana," Anwari alisema. "Angenikasirikia, ningepata nafuu."